Okidi Yenye Mdomo Juu

Mvureni, Milima ya Upare
14 Machi 2024

Kwako Bibi Thuraya,

Shikamoo. Wewe hunijui, mimi nakujua kwa sauti tu. Jumatano iliyopita nilikuwa napiga randa mlango huku redio inaongea, nikakusikia ukisema umefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye jengo la kuhifadhia mimea mikavu hapo Dar es Salaam, na kwamba mtu akiona okidi ya msituni asiyoijua akuandikie. Nikamwita mke wangu Vaileth aje mbio na kalamu. Bahati nzuri sanduku la posta ulilitaja mara mbili.

Jina langu ni Elinaza, nina miaka arobaini na mbili, fundi seremala. Kijiji chetu kiko juu kabisa, msitu unaanzia pale mashamba ya tangawizi yanapoishia. Mwezi wa kumi na mbili niliingia msituni nikakuta mti mkubwa umeangushwa na upepo. Kwenye tawi lake kulikuwa na mmea umejishika kwa mizizi minene kama kamba za viatu. Ningeuacha, ila niliona una vitumba. Nikaubandua, nikauleta nyumbani, nikaufunga kwa kamba ya mgomba kwenye nguzo ya nyuma ya jiko.

Bibi, umechanua! Lilianza ua moja, sasa yako matano. Ni meupe yenye ukijani. Kila moja lina mkia mwembamba unaoning'inia, mrefu kuliko kidole changu cha kati. Mchana halinuki kitu, lakini jua likishuka tu harufu inafika mpaka uani kwa jirani. Vaileth anasema ni kama ndimu iliyopakwa asali.

Nimelichora kwa penseli ya useremala, kwa sababu simu yangu ni kitochi, haina kamera, na mtandao kwetu hakuna. Nimewauliza wazee wawili na mwalimu mmoja, hakuna anayelijua. Je, wewe?

Wako mtiifu,
Elinaza


Segerea, Dar es Salaam
27 Machi 2024

Elinaza mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Tangu kile kipindi nimepokea barua kumi na sita. Tisa zinaomba dawa ya kisukari, sita zinauliza kama mie ni mganga. Yako ndiyo ya kwanza yenye ua ndani.

Mie nimeshastaafu, naishi huku Segerea kwa kaka yangu Usama na mkewe Wafa. Nina miaka sitini na sita, goti moja bovu na macho mawili mazima. Mchoro wako nimeuegemeza kwenye birika la chai tangu jana, na nadhani nalijua ua lako. Ipo okidi moja nyeupe yenye mkia inayoota milima mingi ya kwetu. Ni nzuri, ila si ngeni.

Na nikuambie kitu, usinune: umelichora kichwa chini! Okidi ina jani moja la ua lililo tofauti na wenzake, pana kidogo, tunaliita mdomo. Kwa hii ninayoifikiria mie, mdomo hukaa chini, kama kibaraza. Wewe umeuweka juu kama kofia. Nadhani uligeuza karatasi ukiwa unachora.

Lakini nisikuvunje moyo. Pima kila kitu kwa rula. Kisha chukua ua moja, moja tu, ulitumbukize kwenye kichupa chenye pombe kali isiyo na rangi, unitumie. Mpe Jabiri, kondakta wa basi linalotoka Same asubuhi. Ni mpangaji wetu, ataniletea mkononi. Barua pia tupitishie kwake, posta inachelewa.

Mama yako,
Thuraya


Mvureni
9 Aprili 2024

Bibi Thuraya,

Shikamoo. Barua yako ilizua kilio. Vaileth aliipokea dukani, akaona nyuma ya bahasha pameandikwa Segerea, akaja analia njia nzima. Huku kwetu Segerea ni gereza tu, hatukujua kuna watu wanaishi wamefungua milango. "Nani kafungwa?" ndilo neno lake la kwanza. Mimi mwenyewe nilifunga mlango kabla ya kuifungua.

Halafu pombe. Sisi ni Wasabato, Bibi. Nilikwenda kilabuni kwa miguu yangu, kwa mara ya kwanza maishani, nikanunua, nikatoka na kichupa mkononi, na uso kwa uso na Mzee Praygod, mzee wa kanisa.

"Elinaza?"

"Ni ya ua, mzee."

"Ya uani kwako?"

"Ya ua! Ua la msituni, linakwenda Dar es Salaam."

Akatazama kichupa, akasema ataniombea. Sabato ikafika, akaniombea mbele ya watu wote, kwa jina.

Sasa hilo la mdomo. Kwa heshima zote, sikugeuza karatasi. Kazi yangu ni kupima, Bibi. Niliposoma barua yako nilitundika timazi, ule uzi wenye jiwe, kando ya maua ili juu iwe juu kweli. Yote matano mdomo uko juu. Kitumba cha sita kimefunguka jana nikiwa nimekaa hapo hapo na kigoda, nacho kimefunguka mdomo ukiwa juu. Mkia una sentimita kumi na moja na nusu. Mdomo una sentimita mbili kasoro.

Nimekutumia ua pamoja na kipande cha kikonyo chake. Upande uliokuwa juu nimeufunga uzi mwekundu, ili tusibishane tena.

Elinaza


Segerea
15 Aprili 2024

Elinaza! Elinaza!

Kaa chini kwanza. Mwite na Vaileth akae.

Hukugeuza karatasi. Aliyegeuza ni mie, kichwani mwangu, kwa ujuaji wa uzee. Nisamehe.

Jabiri aliniletea kichupa Ijumaa. Nikaweka ua chini ya lenzi, nikatazama ule uzi mwekundu, nikatazama ua, nikanyanyuka nikazunguka meza. Jumatatu, yaani leo asubuhi, nimekwenda kwenye jengo letu la zamani. Yupo Augustine pale, kijana niliyemfundisha kazi, sasa ni mtaalamu mwenye ofisi. Tumefungua kabati baada ya kabati. Kwenye rafu ya mwisho kabisa tukakuta jalada lenye karatasi moja tu, na juu yake mmea mmoja mkavu, wa kahawia kama tumbaku, mkia umekatika. Ulichumwa mwaka 1931, kwenye mlima mwingine kabisa. Msitu ule ulikuja kufyekwa wote, likapandwa shamba la chai. Aliyechuma aliandika kwa wino maneno machache: nyeupe yenye ukijani, harufu jioni, mdomo juu.

Mdomo juu, Elinaza! Miaka tisini na tatu hakuna aliyeiona ikiwa hai. Sie tulishaiandika kuwa imetoweka duniani. Mie mwenyewe ndiye niliyeliandika neno hilo kwenye jalada, mwaka 1994, kwa mkono huu. Leo nimeweka mchoro wako kando yake.

"Mama, unaongea peke yako," Augustine akaniambia.

"Na wewe je?"

Yeye alikuwa anaongea na kabati.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Wafa ananiambia nimetia chumvi kwenye chai ya wageni, na nimewamiminia mara ya pili.

Sasa sikiliza. Mmea mmoja kwenye nguzo ya jiko haujaokoka bado. Ukifa huo, kwisha. Lazima tuwaone ndugu zake. Mti ulioangushwa na upepo uko wapi? Miti ya jirani ikoje? Augustine ana vibali vyote, tunaweza kuja mwanzoni mwa mwezi wa tano. Goti langu nitalijibu mbele kwa mbele. Na usimwonyeshe mtu mahali. Wapo watu wanaong'oa okidi adimu msituni mpaka ya mwisho.

Jibu upesi, nakufa kwa hamu.

Thuraya


Mvureni
25 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Tumefurahi kwa habari zako. Lakini naomba msije. Mvua ni nyingi na barabara imekatika. Ule mti nao umeshaoza, na pale ulipokuwa hakuna kitu. Mmea ni huu mmoja tu. Nitautunza.

Vaileth anakusalimu.

Elinaza


Segerea
3 Mei 2024

Elinaza,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko idadi ya mistari yake. Mtu aliyetundika timazi kando ya ua haandiki hivi. Kuna kitu.

Mti wa msituni hauozi kwa miezi minne. Na Jabiri anasema basi linapita na magari ya kwenu yanashuka kila siku na tangawizi.

Nitakuuliza waziwazi: umeiuza hiyo mimea? Amekuja mtu? Nauliza kwa sababu mie nina kosa, na sikukuambia. Wiki ile ya furaha nilimwonyesha mchoro wako bwana mmoja wa Msasani anayeotesha okidi nyumbani kwake. Nilitaka tu mtu wa kushangilia naye. Akaniuliza mara tatu, "Upare upande gani?" Mara ya tatu nikamwambia Same. Tangu siku hiyo simu yangu hapokei. Nimekukataza wewe kusema, mie mwenyewe nimeropoka.

Kama amekufikia, niambie. Nitakasirika, kisha tutafanya jambo. Ila usinifungie mlango kwa mistari sita.

Thuraya


Mvureni
11 Mei 2024

Bibi Thuraya,

Shikamoo. Hakuna mtu wa Msasani aliyefika huku. Hakuna aliyenunua kitu. Neno lako la kuuza liliniuma, nikataka nisikujibu tena. Vaileth akaniambia, "Anakukasirikia kwa kosa ambalo hukufanya. Mwambie ulilofanya."

Mti ule haukuangushwa na upepo. Niliukata mimi.

Useremala ninaufanya, ila chakula cha nyumbani kinatoka kwenye kupasua mbao. Mimi na binamu yangu Godlisten tuna msumeno mmoja, tunaingia kwenye msitu wa hifadhi bila kibali, tunakata mikulo, ile miti mikubwa yenye mbao zinazonukia. Tumefanya hivyo miaka sita. Ndiyo maana nilipoona Segerea kwenye bahasha nikafunga mlango kwanza.

Mti ule ulipoanguka, matawi yake yalikuwa yamejaa ile mimea. Sikuhesabu. Labda ishirini, labda zaidi. Tuliikwangua kwa panga ili tupime gogo, tukaitupa korongoni. Mmoja ulibaki kwa sababu vitumba vyake vilinigusa mkono. Ulipoandika kwamba imetoweka duniani, nilitoka nje nikatapika.

Kuna jingine. Kwenye kilele tulipoukata mti ule iko mikulo minne tuliyoitia alama kwa panga ili tuikate mvua zikipungua. Jumapili nilipanda yote minne kwa kamba, peke yangu. Bibi, ipo! Nimehesabu thelathini na mmoja, na kumi na minne ina maua, mdomo juu kila moja. Nilikuwa nimening'inia juu ya ukungu nikacheka kwa sauti kama mtoto.

Nimemwambia Godlisten tuiache. Amesema mbao zile zimeshaahidiwa, na kama mimi sitaki atamchukua mwenzake wa kijiji cha chini. Anaanza Jumatatu ya tarehe ishirini.

Sijui nifanye nini. Nikisema, nafungwa. Nisiposema, zinakwisha. Niandikie ukweli, usinibembeleze.

Elinaza


Segerea
14 Mei 2024

Elinaza mwanangu,

Jabiri anasubiri mlangoni kwa hiyo naandika haraka.

Ukweli ni huu: siwezi kukuahidi kwamba hutaadhibiwa. Sina cheo hicho, na nikisema ninacho nitakuwa nimekudanganya. Ila aliyekwenda mwenyewe na aliyekamatwa hawatazamwi kwa jicho moja. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji kwa miguu yako, kabla ya Jumatatu. Mwambie kuhusu mbao, mwambie kuhusu ua, mpe barua hii na ile ya Augustine niliyoambatanisha, yenye muhuri. Inaeleza kwamba kilele chenu huenda ndicho mahali pekee duniani penye mmea huu.

Hasira ninayo, nisikufiche. Ishirini korongoni! Jana sikula. Lakini thelathini na mmoja, Elinaza. Thelathini na mmoja!

Tunakuja tarehe ishirini na tisa, ndipo Augustine anapata gari. Shikilieni mpaka hapo.

Thuraya


Mvureni
21 Mei 2024

Bibi Thuraya,

Shikamoo! Ipo! Yote! Nimeanza na hilo ili usisome ukiwa na roho juu.

Barua yako ilifika Jumamosi jioni. Jumapili nilikwenda kwa mwenyekiti, mama mmoja mkali anaitwa Sekela, ameolewa huku kutoka Mbeya. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alisoma barua zenu, akavua miwani, akasema, "Elinaza, kesi yako nitaipeleka kwa afisa misitu, hilo lijue. Lakini afisa yuko Same, hafiki kesho. Kesho ni nani atazuia msumeno?"

Nikasema mimi.

Jana kabla hakujapambazuka vizuri nilipanda mkulo wa kwanza, nikajifunga kamba kwenye tawi lenye mimea mingi. Saa mbili hivi wakaja Godlisten na mwenzake. Godlisten akatazama juu.

"Shuka, braza."

"Sishuki."

"Nitakata na wewe humo humo."

"Kata. Utamwambia mama yangu kwamba ulikuwa unaharakia mbao."

Akawasha msumeno. Bibi, nilikojoa kidogo, Mungu anisamehe. Aliunguruma nao pale chini, akauzima, akauwasha, akauzima. Yule mwenzake akasema yeye hakuambiwa habari za kukata watu, akachukua kikapu chake akaondoka. Tukabaki wawili.

Akapiga kelele, "Hivi ni nini hasa huko juu? Dhahabu?"

"Njoo uone."

"Nikija nitakushusha kwa kofi."

"Njoo na kofi lako basi."

Akapanda. Unajua Godlisten ni mzito, alifika akihema kama ng'ombe. Nikamwonyesha ua lililokuwa karibu na bega langu. Nikamweleza habari za mwaka 1931, za chai, za jalada lenye karatasi moja. Nikamwambia sisi wawili ndio tuliotupa ishirini korongoni. Kisha akanyoosha kidole, kile kidole chake chenye sugu, akaugusa ule mkia kwa ncha tu, akauliza, "Na hakuna pengine popote?" Nikamwambia, labda hakuna. Akasema, "Mbona hukuniambia hivi tangu mwanzo, wewe mjinga? Uliniambia tu tuache."

Na kweli, Bibi. Nilimwambia tuache, sikumwambia kwa nini. Nilidhani atanicheka.

Tulishuka pamoja. Msumeno ameupeleka mwenyewe kwa mwenyekiti. Njooni upesi!

Elinaza


Segerea
9 Juni 2024

Elinaza na Vaileth, wanangu,

Tumefika salama. Usama anasema sasa ninajulikana mtaani kama bibi aliyebebwa. Jabiri ndiye aliyeeneza! Nami sikatai. Mwanamke wa miaka sitini na sita, kwenye machela ya wagonjwa, anapandishwa mlima na wanaume wanne, na aliyeshika mbele kulia ni Godlisten anayelalamika njia nzima kuhusu uzito wangu. Mzee Praygod alivyotangulia akiimba nyimbo za kanisani, na mie nyuma nasoma Ayatul Kursi kila mnapoteleza!

Elinaza, nimefanya kazi na maua yaliyokufa maisha yangu yote. Yalikuja kwangu yamebanwa, yamenyauka, nami nikayapenda hivyo hivyo. Ulipoliinamisha lile tawi la chini kwa kamba mpaka usawa wa uso wangu, na jua linashuka, na harufu ikaanza kutoka taratibu, nilisahau goti, nilisahau jina langu. Mlidhani nalia kwa maumivu. Sikuwa na maumivu popote.

Sasa kazi. Augustine amelinganisha kila kipimo. Ni yenyewe, hakuna shaka. Tumeandaa karatasi ya pili kwa ajili ya lile jalada. Pale penye jina la mkusanyaji, kila anayekusanya mimea hupewa hesabu yake, kuanzia ua lake la kwanza. Tumeandika: Elinaza, Mvureni, namba 1. Lile neno langu la mwaka 1994 nimelifuta mwenyewe kwa wino mwekundu, nikatia sahihi. Watu wa ofisi wamepiga makofi.

Augustine ameandika kwa wakubwa wa misitu kuhusu kilele chenu, na ameeleza pia kwamba mlijitokeza wenyewe. Uamuzi si wake. Yule bwana wa Msasani nilimfuata mpaka nyumbani kwake, nikamkalia sebuleni kutwa mpaka akaniapia kwamba hajafika Same wala hatafika. Simwamini. Kwa hiyo lindeni.

Nasubiri habari za afisa kwa moyo mkononi.

Mama yenu,
Thuraya


Mvureni
18 Agosti 2024

Bibi Thuraya,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka nikuandikie jambo lililokamilika.

Afisa alikuja na askari. Tulihojiwa siku mbili. Msumeno umechukuliwa, hatutauona tena. Adhabu yetu ni miezi sita ya kazi kwenye kitalu cha miche ya hifadhi, bila malipo, siku tatu kwa wiki, na jina langu limeandikwa kwenye daftari lao. Nikirudia ni gereza moja kwa moja. Vaileth alishukuru mpaka akapiga magoti. Mambo ni magumu nyumbani, sikufichi. Tunakula tangawizi yetu na maharage, na naunda vitanda kwa mbao za mkaratusi ambazo kila mtu anazidharau. Lakini nalala.

Kilele kimewekewa mipaka. Kijiji kimeweka walinzi wawili na umekwisha kuwajua ni nani, maana hakuna wengine wanaojua kuipanda miti ile. Godlisten amepewa filimbi. Anaipuliza hata akiona nyani.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Jana tulipanda mkulo wa tatu. Pale palipokuwa na maua yaliyonyauka nimeona vitu vimevimba, vya kijani, virefu kama kidole cha mtoto, vina mistari. Nikapiga kelele. Godlisten akapuliza filimbi. Nikamkumbuka Augustine alivyotueleza alipokuwa hapa, kwamba asali ya mkia mrefu namna ile hunyonywa na nondo wa aina moja tu mwenye ulimi mrefu, naye ndiye anayelichavusha ua, na kwamba kama nondo huyo ameshatoweka, maua yatachanua na kunyauka bure bila tunda mpaka mimea izeeke. Kwa hiyo nondo yupo, Bibi! Hatujawahi kumwona hata siku moja, lakini yupo, amekuja, amefanya kazi yake!

Ni matunda. Nimehesabu saba. Godlisten akasema nane. Tukabishana mpaka tukafika chini, tukabishana njiani, tukabishana mbele ya Mwenyekiti Sekela, naye akatufukuza ofisini kwake, akasema turudi tukahakikishe.

Tumerudi leo asubuhi. Ni tisa.

Elinaza